Figo ya Temenuga

Watu wasioijua hali yetu hudhani mashine ndiyo inayochosha. Mashine yenyewe haina shida, unalala tu, inavuta damu yako, inaisafisha, inakurudishia. Kinachochosha ni baada ya hapo. Unarudi nyumbani umekamuliwa kama nguo, unakaa kitandani na viatu miguuni kwa sababu huna nguvu ya kuvivua, na unajua keshokutwa asubuhi unarudi kule kule. Mimi na Nedyalka tulichoka pamoja kwa miaka, katika wodi ya kusafisha damu ya hospitali ya mji wetu kando ya mto Danubi. Kitanda chake kilikuwa dirishani, changu kikafuata. Tulijuana kuliko watu wengi waliooana. Akianza kujikuna shingo nilijua presha yake inashuka, nami nikianza kusimulia habari za treni yeye alijua nimebanwa na kiu, maana sisi hata maji tunakunywa kwa kupimiwa.

Zamani nilikuwa mkuu wa stesheni, enzi ambazo treni bado zilikuwa zinasimama kwetu. Nedyalka alikuwa mpishi wa shule ya chekechea katika kijiji chao, juu kwenye vilima vya mizabibu. Alikuwa mwanamke mrefu, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuwaita watoto wa uwanja mzima waje kunawa mikono. Figo zake zilipokufa alikonda sana, lakini sauti haikukonda.

Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Temenuga. Huyu aliishi mjini na mumewe Plamen, fundi wa matrekta, na binti yao mdogo, na alikuwa anashona viatu kiwandani. Siku moja ya vuli aliingia wodini moja kwa moja kutoka zamu, vidole vyake bado vina gundi, akasimama kando ya kitanda cha mama yake.

"Mama, nimepima."

"Umepima nini?"

"Damu, na vingine vyote wanavyotaka. Nilikuwa nakwenda hospitali kuu ya Sofia, wewe ukidhani nafanya zamu za ziada. Figo yangu inakufaa."

Nedyalka hakugeuza hata kichwa. "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa na mtu."

"Basi nenda kapumzike. Mimi figo ya mtu sitaki."

"Ya mtu? Mama, mimi ni mtu baki?"

"Wewe ni mama wa mtoto. Nenda kamlee mtoto wako."

Sista Zdravka, muuguzi wetu, alikuwa anarekebisha mrija wangu. Alishindwa kujizuia. "Shangazi Nedyalka, wenzako humu wanaota kitu hicho, wewe unakitupa chini?"

"Wewe sista choma sindano zako. Ya nyumbani kwangu niachie mimi."

Temenuga akamfunika mama yake miguu, maana kwenye mashine miguu hupoa, akaenda zake.

Ndivyo ilivyoanza, na iliendelea hivyo vuli nzima. Kila zamu Nedyalka alikuwa na sababu mpya. Mara yeye ni mzee, figo changa itafanya nini kwenye gofu kama lile. Mara wakwe zake Temenuga watasema ameivunja nyumba ya mtoto wao. Mara madaktari wa Sofia wanatafuta watu wa kujifunzia. Temenuga alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, mwisho akamwomba padri wa kijiji chao aje kuzungumza naye. Padri alikaa pale na joho lake jeusi, akaongea vizuri sana habari za kupokea, kwamba hata kupokea kunataka unyenyekevu. Nedyalka alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Baba padri, wewe figo zako zote mbili unazo?"

"Ninazo, namshukuru Mungu."

"Basi endelea kumshukuru."

Wodi nzima ilicheka, na padri mwenyewe pia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kumchukia yule mwanamke, na chuki ya mtu aliyechoka ni kitu kibaya, haina hata nguvu ya kupiga kelele, inakaa tu ndani inachacha. Nililala pale nikiangalia damu yangu inavyozunguka kwenye mirija, nikawaza: huyu kaletewa uhai mpaka kitandani, anautoa kasoro kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Siku moja Temenuga alipotoka huku anafuta macho, uvumilivu uliniishia.

"Nedyalka, huna haya."

"Umesemaje, kaka Metodi?"

"Nimesema huna haya. Mtoto anakuja hapa anakubembeleza kama anayeomba mkopo. Mimi ningekuwa na mtu wa kuniambia 'baba, chukua', ningelia kwa furaha."

Nikadhani nimemshinda. Kisha akanigeuzia uso polepole, maana tukiwa tumefungwa mirija hatuwezi kugeuka upesi.

"Una mwana Uhispania, si ndiyo? Ventsislav. Mwanamume mzima, mwenye afya."

"Ninaye."

"Umeshamwomba?"

Nikaitazama mirija yangu.

"Umeshamwambia hata mara moja: mwanangu, baba yako anakufa taratibu, nisaidie? Au unamwambia kila akipiga simu kwamba hujambo, mzima wa afya, hali ya hewa nzuri?"

"Hilo ni jambo lingine."

"Si jambo lingine. Unaogopa atakataa. Mimi naogopa langu, wewe unaogopa lako. Tusitukanane, kaka Metodi. Tulale."

Tukalala, au tulijifanya tumelala. Kwa muda mrefu baada ya hapo hatukuzungumza ila kuulizana saa na kuombana gazeti. Nilipokuwa nyumbani nilishika simu mara nyingi kumpigia Ventsislav, na kila mara niliirudisha mfukoni. Nilijiambia ana kazi, ana lori la kuendesha, barabara za kule ni ndefu. Ukweli ni kwamba Nedyalka alikuwa amenisoma mpaka ndani.

Majira ya baridi yakaja, na theluji ya mwaka ule ilianguka kwa hasira. Asubuhi moja nilifika wodini nikakuta kitanda cha dirishani kitupu. Sista Zdravka alisema barabara ya vilimani imefungwa, gari la hospitali limeshindwa kupanda. Alisema hivyo huku akitazama sakafuni. Sote tulijua maana yake. Mtu wetu akikosa zamu moja huvimba miguu. Akikosa na ya pili, maji hupanda kifuani, anaanza kuzama ndani ya mwili wake mwenyewe.

Alikosa na ya pili.

Yaliyofuata niliambiwa na Plamen, na mengine na Nedyalka mwenyewe. Umeme ulikatika kijijini, simu yake ikazima. Alikuwa amekaa kitandani ameegemea mito yote ya nyumba, kwa sababu akilala chali hapati pumzi. Alikuwa amewasha jiko la kuni, kisha akakosa nguvu ya kuongeza kuni, moto ukafa. Alisema hakuogopa sana. Alikuwa anafikiri kwamba basi, limekwisha, na hakuna mtu atakayepasuliwa.

Kulipopambazuka Plamen alifunga sepetu kubwa mbele ya trekta, wakaondoka yeye na Temenuga, wakiisukuma theluji kando kipande kwa kipande. Chini ya kijiji, mahali barabara inapopinda, trekta likakwama mpaka kwenye ekseli. Plamen akaanza kuchimba. Temenuga hakungoja. Alishuka, akapanda kilima kwa miguu, theluji ikimfika mapajani.

Alimkuta mama yake midomo imekuwa ya bluu. Alimvalisha makoti mawili, akamfunga kwa shuka mgongoni mwake kama mtoto mchanga, akaanza kuteremka naye. Nedyalka alikuwa amekonda, lakini mifupa yake ilikuwa ya mtu mkubwa, na lile jimaji lililomjaa lilikuwa na uzito wake. Temenuga alianguka, akainuka. Akaanguka tena. Safari hii hakuinuka. Alikaa pale pale kwenye theluji, mama yake mgongoni, akasema, "Mama, nimechoka."

"Hakulia," Nedyalka aliniambia baadaye. "Angelia ningejua la kufanya, mtoto akilia unambembeleza. Alisema tu, kama mtu anayekuambia leo ni Jumatano. Nikajua hasemi habari ya kilima."

Kisha Temenuga akapiga magoti, akajiinua, wakafika kwenye trekta.

Niliwakuta wodini siku ile. Sista Zdravka alikuwa amempa Nedyalka mashine kabla ya zamu yake, na hakuna mgonjwa aliyenung'unika. Maji yalikuwa yanamtoka, rangi inarudi usoni kidogo kidogo. Temenuga alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye kiti, kinywa wazi, viatu vyake vimeacha dimbwi sakafuni. Nedyalka alikuwa anamtazama. Alimtazama muda mrefu hivi kwamba nilidhani amenisahau.

"Kaka Metodi."

"Niko hapa."

"Umeziona nywele zake?"

Nikaangalia. Juu ya sikio kulikuwa na mvi, si chache.

"Mimi nilikuwa sijaziona," akasema. "Anakuja hapa kila zamu na mimi sijaziona."

Halafu akaanza kunisimulia habari za mumewe, Yordan. Nilikuwa najua amekufa, sikujua alikufaje. Alikuwa na ngiri, kitu kidogo, wanaume wengi wanacho. Yeye Yordan hakutaka kupasuliwa, alikuwa anaogopa visu. Nedyalka ndiye aliyemsukuma. Alimcheka, akamwita mwoga mbele ya shemeji zake, mpaka mwanamume akaona aibu akakubali. Aliingia chumba cha upasuaji akitembea kwa miguu yake, akitania wauguzi. Daktari alisema ni kazi ndogo. Wakampa nusukaputi, hakuamka. Temenuga alikuwa bado anasoma shule ya msingi, akaambiwa moyo wa baba yake ulikuwa na ugonjwa.

"Huenda ni kweli ulikuwa nao," Nedyalka akasema. "Lakini asingekwenda. Mimi ndiye niliyemwambia nenda. Tangu siku ile mimi sijaamua jambo la mtu mwingine. Hata Temenuga alipotaka kuolewa aliniuliza, nikamwambia shauri yako. Sasa mnataka niseme: haya, mchukueni na huyu."

Nilitaka kumwomba radhi kwa yale maneno yangu ya vuli, lakini nilikuwa nimechoka na ulimi ulikuwa mkavu, nikasema tu, "Pole, dada."

"Nilidhani nikikataa nitakuwa nimemkinga," akasema. "Angalia. Huyo ni mtu aliyekingwa?"

Daktari Kalinov alipopita kutuangalia, Nedyalka alimwita. Yule daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na kwa kawaida alipita mbio. Safari hii alivuta kiti.

"Daktari, mume wangu alipasuliwa ngiri akafa. Niambie mtoto wangu hatakufa."

"Siwezi kukuambia hivyo, mama."

"Huwezi?"

"Siwezi. Wanaotoa figo wakafa ni wachache mno, na watampima mpaka wachoke kabla ya kumgusa. Watakaompasua hawana kazi nyingine ila hiyo. Lakini ukitaka nikuambie hatakufa, hilo siwezi."

Nedyalka alimtazama kwa makini, kama mpishi anavyomtazama muuza nyama.

"Yule wa Yordan aliniambia niandae supu, mume wangu atarudi na njaa."

Daktari aliangalia mikono yake.

"Afadhali wewe," Nedyalka akasema. Kisha akaita kwa ile sauti yake ya uwanjani. "Temenuga! Amka, shingo itakuuma."

Binti akashtuka. "Nini? Mama, unajisikiaje?"

"Vibaya. Sikiliza. Nina jambo la kukuambia kuhusu baba yako, na ukishalisikia, kama bado unataka kunipa hicho kitu chako, nitakipokea."

Mimi niligeuzia uso ukutani. Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia kila neno, lakini kuna wakati mtu unampa mwenzio mgongo kwa heshima. Nilisikia Nedyalka akisimulia, mara hii kwa sauti ya chini, ikikatika. Mwisho nikamsikia Temenuga.

"Miaka yote hii umekaa na hilo peke yako?"

"Ningekaa nalo na nani?"

"Na mimi, mama. Na mimi." Akapenga kamasi. "Baba alikuwa mwoga wa sindano, hilo hata mimi nalikumbuka. Mimi siogopi sindano. Naogopa simu yako ikizima."

"Mimi bado naogopa," Nedyalka akasema. "Usidhani nimeacha. Usiku na mchana naogopa."

"Sawa. Tutaogopa tukiwa kwenye gari la kwenda Sofia."

Na kweli aliogopa. Wasimulizi wengine wangesema alijaa ujasiri, lakini mimi nilikuwa naye wiki zote zile za matayarisho. Alikuwa halali. Siku moja alimwambia Sista Zdravka apige simu Sofia awaambie hataki tena, na sista akamjibu kwamba simu ina hitilafu, uongo mtupu. Zamu iliyofuata aliuliza kama hitilafu imerekebishwa, na aliposikia bado, alishusha pumzi kama mtu aliyepona. Siku ya mwisho tuliyokuwa pamoja alinipa blanketi yake ya manyoya, ile aliyojifunika kila alipokuwa kwenye mashine.

"Nikirudi unirudishie. Nisiporudi, ifue kwa maji baridi, ya moto yataiharibu."

"Utarudi."

"Na wewe mpigie mwanao."

"Nenda zako, Nedyalka."

Siku waliyopasuliwa nililala kwenye mashine nikiangalia saa ya ukutani. Mchana Plamen alimpigia Sista Zdravka, naye akatutangazia: Temenuga ameamka, anatapika kwa ile dawa ya usingizi, anatukana. Ile ya kutukana ilitufurahisha sana. Lakini ya Nedyalka haikuwa nzuri. Figo ilikuwa imeungwa lakini haifanyi kazi. Madaktari walisema imelala, huwa inatokea, tungoje. Siku zikapita. Alikuwa bado anasafishwa damu kule kule Sofia, na mtoto wake chumba cha jirani, tumbo limeshonwa, akiburuta miguu huku ameshika ukuta kwenda kumtazama. Nilimwonea huruma Nedyalka kuliko wakati wowote. Nilijua anawaza nini: nimemkata mtoto wangu bure.

Kisha asubuhi moja, sista akiwa ndiyo kwanza anatafuta mshipa wangu, simu yangu ikaita. Niliposema halo, ile sauti ilinipasua sikio.

"Kaka Metodi! Nimekojoa!"

"Nini?"

"Nimekojoa! Mwenyewe! Chupa nzima!"

Mtu mwenye figo zake hawezi kuelewa. Sisi wengine humu hatujakojoa kwa miaka. Niliweka simu kwenye sauti ya juu nikamwambia arudie, akarudia, na wodi nzima ikapiga makofi kwa ule mkono mmoja uliokuwa huru, tukipiga kwenye vyuma vya vitanda. Sista Zdravka alikaa chini kwenye kitanda cha dirishani akalia.

Sitasema mambo yote yalinyooka. Temenuga alikaa nyumbani miezi mingi, akichoka kwa kufagia chumba kimoja tu, na aliporudi kiwandani walimhamisha kwenye kufunga maboksi, kazi asiyoipenda. Nedyalka anameza vidonge kiganja kizima, mikono inamtetemeka, na kila Temenuga akikohoa anamwuliza maswali mpaka wanagombana. Lakini wanagombana jikoni, wamesimama, kuna supu motoni. Alipokuja kutuona alikuwa amenenepa mashavu, na alikuwa anakunywa maji kutoka kwenye chupa bila kupima, mpaka ikabidi nimwambie anywee nje, anatutesa.

"Umempigia?" aliniuliza pale mlangoni.

Nilimpigia Ventsislav Jumapili iliyofuata. Nilisema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayeruka mtaro, kwa sababu nilijua nikisimama sitaendelea. Upande wa pili nilisikia televisheni, mpira, kisha nikasikia televisheni inazimwa.

"Baba, kwa nini hukuniambia hali imefika huko?"

"Nakuambia sasa."

"Nitakupigia."

Sikutegemea atapiga. Baada ya wiki akapiga, na nilijua jibu kwa jinsi alivyovuta pumzi.

"Baba, siwezi. Nimejaribu kujiambia ninaweza. Nina watoto wadogo, kazi yangu ni ya kubeba. Na ninaogopa. Nisamehe."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka yote, nikijua likija litaniua. Nilikaa kitandani na koti langu, nikasubiri. Halikuniua. Liliuma, liliuma sana, halafu nikajikuta nimekaa vile vile, simu sikioni, na mwanangu bado yuko pale.

"Hata mimi naogopa," nikamwambia. "Sina la kukusamehe."

Hakuna aliyekata simu. Hatukuwa watu wa kuongea sana, mimi na yeye, na hatukujua tunaanzia wapi. Baada ya muda akaniuliza leo nimekula nini. Nikamwambia kuku na wali, bila chumvi. Akauliza ninapikaje kuku bila chumvi, nami nikaanza kumweleza.